Steam Deck kwa anayeanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwa watu mbalimbali: mpwa aliyeletewa Deck na mjomba wake kutoka Uingereza, jirani aliyenunua ya mtumba, rafiki wa ofisini aliyedhani amenunua PlayStation ndogo. Jibu langu huanzia palepale kila mara: hicho ulichoshika ni kompyuta kamili ya Linux (mfumo endeshi, kama Windows ilivyo), ila imevaa nguo za mchezo. Ukiichukulia kama simu yenye vitufe vingi, utateseka. Ukiichukulia kama kompyuta, mambo mengi yatajieleza yenyewe.

## Kabla ya kununua

Steam Deck ni kitu gani hasa?

Ni kompyuta ya kushika mikononi iliyotengenezwa na kampuni ya Valve ya Marekani, wenye duka la michezo ya kompyuta liitwalo Steam, ikaanza kufika kwa wateja Februari 2022. Ndani ina kichakataji cha AMD chenye viini 4 na RAM ya gigabaiti 16. Skrini yake ni ya kugusa, na pembeni ina vijiti viwili, vibao viwili vya kugusa vinavyofanya kazi ya kipanya, na vitufe vya kila aina, vinne kati yake vikiwa mgongoni.

Mfumo endeshi wake unaitwa SteamOS, nao umejengwa juu ya Arch, mojawapo ya aina za Linux. Una pande mbili. Upande wa michezo ndio unaouona ukiwasha: orodha ya michezo, duka, mipangilio. Upande wa pili ni kompyuta ya kawaida yenye madirisha, folda na kivinjari, na mazingira yake yanaitwa KDE Plasma. Watu wengi hukaa na Deck miezi bila kujua upande huo wa pili upo, na hasa ndio sababu ya ukurasa huu.

Kuna aina ngapi, na nichukue ipi?

Zipo mbili, zinaitwa kwa aina ya skrini. Ya kwanza, ya LCD, ina skrini ya inchi 7 na betri ya saa-wati 40. Ilitoka na hifadhi ya gigabaiti 64, 256 au 512. Ya pili, ya OLED, ilitoka Novemba 2023: skrini ya inchi 7.4, betri ya saa-wati 50, hifadhi ya gigabaiti 512 au terabaiti 1. Kwa nguvu za kuendesha michezo zinakaribiana sana. OLED inazidi kwa skrini, kwa kukaa na chaji, na ni nyepesi kidogo (gramu 640 badala ya 669).

Kama fedha ipo, chukua OLED. Kama unaanza tu na umepata LCD kwa bei nzuri, ichukue bila wasiwasi, ila ile ya gigabaiti 64 ujue itakubana mapema (tazama swali la hifadhi iliyojaa).

Nitazitofautishaje, muuzaji asije akanichanganya?

Angalia kitufe cha kuwashia kilicho juu. Cha OLED kina rangi ya machungwa, cha LCD ni cheusi kama mwili wake. Halafu geuza mgongo usome maandishi madogo: namba ya modeli 1010 ni LCD, 1030 ni OLED. Sanduku lisikudanganye, sanduku huhama.

Inauzwa Afrika Mashariki?

Valve yenyewe haiuzi huku. Zinazopatikana Nairobi, Dar es Salaam au Kampala zimeletwa na wafanyabiashara au na ndugu waliosafiri. Maana yake ni kwamba dhamana ya kiwanda haitakufuata kirahisi. Ukiagiza mwenyewe, hesabu kodi mapema: VAT peke yake ni asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania na Uganda, na kuna tozo nyingine juu yake.

Uliza pia imetoka nchi gani, kwa sababu ya chaja. Ya Uingereza ina pini tatu za mraba, inaingia moja kwa moja kwenye soketi za Kenya, Tanzania na Uganda. Ya Ulaya bara ina pini mbili za mviringo, hiyo itawafaa walio Bujumbura na Goma. Ya Marekani ina pini bapa. Usihofie volti, chaja inapokea 100 hadi 240, unahitaji kigeuza-pini tu.

Je, inaweza kuwa kompyuta yangu pekee?

Kwa mwanafunzi anayeandika ripoti, kusoma PDF, kujifunza Python na kuperuzi, ndiyo. Nimeona mtu akiandika kazi yake ya mwisho ya diploma humo. Lakini hakuiandika kwa vidole gumba. Alikuwa na kibodi na kipanya vya Bluetooth, na kigawanya cha USB-C chenye tundu la HDMI kilichounganishwa na televisheni ya sebuleni. Deck ina tundu moja tu la USB-C, kwa hiyo tafuta kigawanya kinachopitisha chaji pia.

Kama kazi yako inategemea programu za Adobe au Microsoft Office ya kusakinisha, jibu ni hapana.

## Siku ya kwanza

Nimeiwasha, inataka intaneti. Lazima?

Lazima. Mara ya kwanza inaunganisha Wi-Fi, inashusha masasisho, kisha inakutaka uingie kwa akaunti ya Steam. Bila hayo haiendelei. Hotspoti ya simu inatosha, ila usianze na bando la megabaiti mia tano: sasisho la mfumo peke yake huweza kuzidi gigabaiti. Wi-Fi za hoteli zinazofungua ukurasa wa kujaza jina na namba ya chumba pia husumbua katika hatua hii, maana hujapata kivinjari bado. Hotspoti ni salama zaidi.

Bando langu linaisha na sijacheza chochote. Linakwenda wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wakosaji huwa watatu.

Wa kwanza ni masasisho ya michezo. Mchezo uliousakinisha mwezi jana utajisasisha wenyewe ukiwa kwenye mtandao, na sasisho moja laweza kuwa gigabaiti nyingi. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya "Downloads", upange saa za kujisasisha. Mwenye bando la usiku aweke saa za usiku. Hapohapo unaweza kuweka kikomo cha kasi, ili dada anayetazama video chumba cha pili asikulaani.

Wa pili hajulikani sana: vivuli, yaani "shaders". Kila mchezo huandaliwa mafaili yanayosaidia kadi ya picha ichore bila kukwamakwama, na Steam hukushushia yakiwa tayari. Unaweza kuyazima kwa kufungua Steam kwenye upande wa kompyuta, "Settings", kisha "Downloads". Gharama yake ni kwamba baadhi ya michezo itakwama kidogo kila unapofika mahali papya. Mimi nimeyaacha yakiwa yamewashwa kwa sababu nyumbani nina intaneti ya mwezi. Ningekuwa wa bando, ningezima.

Wa tatu ni wewe mwenyewe. Mchezo mkubwa wa siku hizi unapita gigabaiti 100. Soma ukubwa kabla ya kubonyeza.

Kuna ujanja wa halali: kama rafiki ana mchezo huohuo kwenye kompyuta yake, na wewe umeununua, wekeni vifaa vyote viwili kwenye Wi-Fi moja, mwashe uhamishaji wa michezo kwa mtandao wa ndani katika sehemu ileile ya "Downloads". Mafaili yatatoka kwake kuja kwako bila kugusa bando.

Nalipiaje michezo?

Duka la Steam halina bei ya shilingi, huku kwetu linahesabu kwa dola. Kadi ya benki ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni inafanya kazi. Kenya, kadi pepe ya Visa ya M-Pesa GlobalPay pia inatumika. Ukikwama, kuna kadi za zawadi za Steam, lakini nunua kwa mtu unayemjua: msimbo ukishatumika huwezi kumrudia mtu.

Halafu subiri mauzo ya punguzo. Michezo ya zamani mizuri hushuka hadi dola mbili tatu.

Naweza kuchaji kwa chaja ya simu?

Inachaji, polepole. Chaja yake ni ya wati 45 kwa USB-C. Ya simu ikiwa dhaifu, skrini itakuambia chaja ni ya kasi ndogo, na ukiwa unacheza mchezo mzito betri inaweza kuendelea kushuka huku waya umechomekwa. Kwa benki ya umeme, tafuta inayoandika PD na wati 45.

## Upande wa kompyuta

Naufikiaje?

Bonyeza kitufe cha STEAM, shuka hadi "Power", chagua "Switch to Desktop". Kurudi, kuna alama kwenye dawati imeandikwa "Return to Gaming Mode". Ndiyo hiyo tu.

Ukiwa huko, kibao cha kulia kinasogeza mshale, R2 ni bonyezo la kushoto la kipanya, L2 ni la kulia. Watu huzoea baada ya siku mbili. Siku ya kwanza utabonyeza visivyo.

Kibodi haitokei nikigusa mahali pa kuandika.

Shika STEAM, bonyeza X. Isipotokea, hakikisha Steam yenyewe imefunguliwa kwenye upande huo. Ukiifunga, kibodi na mipangilio ya vibao huondoka nayo. Hilo huwatisha wengi wakadhani kifaa kimeharibika.

Nasakinishaje programu? Sioni faili za .exe za Linux.

Usizitafute. Tabia ya kwenda kwenye tovuti, kushusha kisakinishi na kubonyeza "next, next" iache Windows. Hapa fungua programu iitwayo Discover (alama ya mfuko wa sokoni), tafuta unachotaka, sakinisha. Inachota kwenye ghala la Flathub. Firefox, LibreOffice, VLC, Telegram, GIMP, vyote vipo. WhatsApp itumie ndani ya kivinjari.

Moja ambayo sikosi kumwekea mtu ni Kiwix: inakuwezesha kushusha Wikipedia nzima ya Kiswahili ukiwa na mtandao, kisha ukaisoma kijijini bila mtandao wowote.

Ninahitaji kujifunza teminali, lile dirisha la kuandika amri?

Kucheza, hapana. Kutumia kama kompyuta, kidogo. Na hatua ya kwanza ni nenosiri, kwa sababu mtumiaji wa Deck, anayeitwa `deck`, hana nenosiri lolote mwanzoni, na bila hilo amri ya `sudo`, inayokupa mamlaka ya msimamizi, haikubali.

Fungua programu iitwayo Konsole. Utaona mstari unaokusubiri. Andika `passwd`, bonyeza Enter:

```
(deck@steamdeck ~)$ passwd
New password:
Retype new password:
passwd: password updated successfully
```

Sasa sikiliza: unapoandika nenosiri hakuna kitakachoonekana. Wala nyota, wala nukta. Mpwa wangu aliibonyeza kibodi mara kumi, akaniita akisema imekufa. Haijafa. Linux haimwonyeshi anayechungulia begani hata urefu wa nenosiri lako. Andika, bonyeza Enter, rudia, bonyeza Enter. Kisha liandike mahali, maana kulisahau ni safari ndefu (tazama chini kabisa, kwenye yakiharibika).

Amri tatu za kuanzia: `ls` inaorodhesha vilivyomo kwenye folda, `cd` inahamia folda nyingine, `df -h` inaonyesha nafasi iliyobaki. Ukitaka kubandika ulichonakili ndani ya Konsole ni Ctrl+Shift+V, si Ctrl+V.

Nimefuata maelekezo ya Arch, pacman (amri yake ya kusakinisha programu) inakataa kuandika. Kwa nini?

Kwa sababu sehemu ya mfumo imefungwa, ni ya kusomwa tu. Si hitilafu, ndivyo ilivyokusudiwa. SteamOS huwa na nakala mbili za mfumo. Sasisho likija, linaandikwa kwenye nakala ambayo haitumiki, kisha kifaa kinawakia upande huo. Kwa hiyo chochote ulichokilazimisha ndani ya mfumo kitafutika kwenye sasisho lijalo. Vitu vyako vilivyo ndani ya `/home/deck` haviguswi.

Ipo amri ya kufungua kufuli, `sudo steamos-readonly disable`, na kila mtu mtandaoni anaitaja kama chumvi. Mimi nakushauri uiache. Ninayemwona ameitumia wiki ya kwanza, ninamwona tena wiki ya tatu akiwa na kifaa kisichowaka.

Njia safi ni Distrobox, ambayo imo tayari. Inakupa Linux nyingine ndani ya boksi, unafanya utakalo humo, mfumo wenyewe unabaki salama:

```
distrobox create --name shule --image ubuntu:24.04
distrobox enter shule
```

Mara ya kwanza itashusha picha ya Ubuntu, yaani faili lenye aina hiyo nyingine ya Linux. Ukishaingia, `sudo apt install` inafanya kazi kama kawaida, na mafaili ya folda yako ya nyumbani unayaona humohumo. Ukiharibu, futa boksi, unda jingine. Kwa anayejifunza programu, hapa ndipo Deck inapokuwa mwalimu mzuri: unaweza kuvunja bila kulia.

Programu za Windows je?

Michezo ya Windows inapita kwa Proton, mfasiri wa Windows kwenda Linux (tazama sehemu ya michezo). Programu nyingine za .exe unaweza kuziongeza kwenye Steam kama "Non-Steam Game", kisha kwenye sifa zake ukalazimisha Proton. Ndogondogo nyingi hukubali. Usitegemee programu ya uhasibu ya ofisini.

Kuna lugha ya Kiswahili?

Steam haina Kiswahili hadi sasa. Kuandika Kiswahili hakuna tabu, herufi zetu zote zimo kwenye kibodi ya kawaida, hata kile kikoma cha juu cha ng'ombe.

## Hifadhi

Memori kadi gani inafaa?

MicroSD yoyote ya chapa inayoaminika, iliyoandikwa A2 au angalau U3. Ukiichomeka, ingia mipangilio, sehemu ya hifadhi, uifomati. Deck itaiweka katika mfumo wa ext4, ambao Windows haiusomi. Usishtuke ukiipeleka kwenye laptop ya kazini ikakwambia kadi mbovu, na tafadhali usikubali inapokuomba ikufomatie.

Onyo la pesa yangu mwenyewe: nilinunua kadi ya "gigabaiti 512" kwa bei tamu kwenye duka moja. Mchezo wa kwanza uliingia vizuri. Wa pili ukaingia, ukagoma kufunguka. Wa kwanza nao ukagoma. Niliipima, ikaonekana ni ya gigabaiti 32 iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Ikijaa inaandika juu ya vya mwanzo, kama kuku anayetaga juu ya mayai yake. Kadi mpya ipime kabla ya kuiamini: H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux. Upimaji huchukua saa kadhaa. Iache usiku.

Hifadhi imejaa lakini michezo niliyonayo ni miwili tu!

Huyu mara nyingi ni mwenye ile ya gigabaiti 64. Hata michezo ikikaa kwenye kadi, vivuli vyake na folda za Proton za kila mchezo hukaa hifadhi ya ndani, ndani ya `.local/share/Steam`. Folda yenye nukta mbele ya jina huwa imefichwa, bonyeza Ctrl+H kwenye kidhibiti cha mafaili uione.

Tazama `steamapps/shadercache` na `steamapps/compatdata`. Ya kwanza ukiifuta hakuna unachopoteza zaidi ya muda wa kushusha upya. Ya pili nenda taratibu, baadhi ya michezo huhifadhi maendeleo yako humo. Ukifuta kwa pupa utaanza ligi upya.

## Michezo

Nitajuaje mchezo utakubali?

Kila mchezo dukani una alama. Ya kijani ni "Verified", umepimwa na unaenda sawa. Ya njano ni "Playable", unachezeka lakini kuna usumbufu mdogo, kwa mfano maandishi madogo au kibodi ya kuita mwenyewe. Kisha kuna "Unsupported", na ile isiyojulikana, ambayo maana yake haujapimwa tu. Wengi wa kundi hilo la mwisho hufanya kazi bila shida.

Kinachofanya haya yawezekane ni Proton, ambayo Valve iliitoa mwaka 2018. Imejengwa juu ya Wine, mradi ulioanza 1993. Mchezo unazungumza lugha ya Windows, Proton inafasiri papo hapo kwenda Linux.

EA FC, ule mpira uliokuwa ukiitwa FIFA, inacheza?

Najua ndilo swali ulilokuja nalo. Matoleo ya karibuni ya EA yanatumia programu ya kuzuia udanganyifu isiyokubali Linux, kuanzia FIFA 23, kwa hiyo hapana, hata kama unataka kucheza na kompyuta peke yako. Fortnite na Valorant pia hapana. Apex Legends ilikuwa inakubali, ikafungiwa Linux mwaka 2024. GTA V unaicheza hadithi yake, upande wa mtandaoni ulizibwa 2024.

Ukiwa ni mtu wa mpira wa hesabu na usajili, Football Manager 2024 inaenda vizuri. Ila si jambo la kumwambia mtu aliyetaka kupiga mashuti.

Nikienda safari bila mtandao?

Fungua kila mchezo mara moja ukiwa bado na mtandao, hakikisha umefika hadi kwenye menyu yake, ndipo uwashe "Offline Mode". Usipofanya hivyo, ukifika Singida basi likiwa limesimama kupata chakula ndipo utakapoambiwa mchezo unahitaji kuthibitishwa.

Betri inaisha haraka.

Bonyeza kitufe chenye nukta tatu upande wa kulia, nenda alama ya betri. Weka kikomo cha fremu 40 au 30 kwa sekunde, na kikomo cha wati (kinaanzia 3 hadi 15). Mchezo mdogo wa picha bapa hauhitaji wati 15, mpe 5 uone. Deck ya LCD inakaa kati ya saa 2 na 8 kutegemea unachoendesha, OLED 3 hadi 12.

Kama inashinda kwenye waya muda wote, tangu SteamOS 3.7 kuna kikomo cha kuchaji hadi asilimia 80. Kitumie, betri itakushukuru.

## Yakiharibika

Imeganda, haijibu chochote.

Shika kitufe cha kuwashia sekunde kama kumi na mbili hadi izime kabisa. Subiri kidogo, washa. Bonyezo fupi ni la kuilaza tu, halizimi.

Umeme umekatika katikati ya sasisho la mfumo.

Betri ipo, kwa hiyo kwa kawaida hakuna kitakachotokea. Hata betri ikiisha, zile nakala mbili nilizozieleza kwenye swali la pacman ndizo zitakazokuokoa: nakala ya zamani haikuguswa. Zima, shika kitufe cha nukta tatu huku unawasha, chagua toleo lililotangulia.

Haiwaki kabisa hata hivyo.

Tengeneza flashi ya uokoaji. Shusha picha ya SteamOS (faili lenye mfumo mzima) kutoka ukurasa wa msaada wa Steam, iandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa Rufus au balenaEtcher. Ichomeke kwenye Deck iliyozimwa, shika kitufe cha kupunguza sauti, bonyeza cha kuwashia, uachie ukisikia mlio. Chagua flashi.

Utakuta chaguo kadhaa kwenye dawati. "Reinstall SteamOS" inajaribu kuacha michezo na mafaili yako. "Re-image" inafagia kila kitu. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Nimesahau nenosiri la sudo.

Flashi hiyohiyo ya uokoaji. Ina chaguo la kukuingiza ndani ya mfumo wako kama msimamizi mkuu. Ukifika hapo andika `passwd deck`, weka jipya, zima, toa flashi. Hakuna njia ya kulisoma lile la zamani.

Nanunua ya mtumba. Nikague nini?

Namba ya modeli, kama nilivyosema juu. Kisha mipangilio ya vidhibiti, kuna mahali pa kupima vijiti na vitufe vyote: kijiti kisiguswe, tazama kama nukta inatembea yenyewe. Nenda upande wa kompyuta, fungua "Info Center", sehemu ya nishati, usome uwezo wa betri uliobaki ukilinganisha na wa kiwandani. Chomeka memori kadi, hakikisha inaonekana. Mwisho, muuzaji atoe akaunti yake na kuirudisha Deck katika hali ya kiwandani mbele yako.

Naweza kuweka Windows?

Unaweza, na Valve hutoa madereva, yaani programu za kuifanya Windows itambue vifaa vya Deck. Utapoteza kulala na kuamka kwa haraka, na vibao vitahitaji Steam ifunguliwe ndipo vifanye kazi vizuri. Sababu moja tu ninayoielewa ni ile michezo iliyokataliwa hapo juu. Iweke kwenye SSD ya nje ujaribu kwanza.

Naweza kubadilisha SSD ya ndani mwenyewe?

Ndiyo, ni ya NVMe ukubwa wa 2230, zile fupi. Ukitafuta dukani sema namba hiyo, maana za kawaida za 2280 haziingii. Kabla ya kufungua, ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kifaa (kuongeza sauti pamoja na kuwasha), uiweke betri katika hali ya kuhifadhiwa, ili umeme usiwe unapita ukiwa na bisibisi ndani. Mgongoni kuna skrubu nane: nne ndefu, nne fupi, zipange mezani jinsi zilivyotoka.

Na kabla ya skrubu ya kwanza, toa memori kadi. Kifuniko kinapobanduka, kadi iliyosahaulika tunduni inakatika vipande viwili.